Mwenye Nyumba Hajafa Sana

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Nilikuwa nimesimama mbele ya dawati la Afande Wilaiwan, ofisi ya uhamiaji ya mkoa, naye ameishika picha yangu ya pasipoti anaitazama kama mtu aliyekuta jino kwenye wali.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Preben, Mdenmaki, fundi lifti mstaafu. Nimekaa Thailand tangu enzi nilipokuwa na nywele. Midomo ya huku haipatani na jina langu, kwa hiyo naitwa Paben. Kila mwaka mstaafu wa kigeni lazima aombe aongezewe mwaka mwingine wa kukaa. Nilipoishi pwani nilikuwa na wakala, nikadhani ni jambo la kunywea kahawa. Mwaka jana nikahamia huku bara, Isan, nikapanga chumba kwa Bi Lamduan, mjane anayeuza papai bichi la kutwanga. Nikasema safari hii nakwenda mwenyewe.

Benki ikakosea jina langu. Nikarudi. Nakala zikatoka nyeusi tii. Nikarudi. Mwisho mpiga picha akaona fulana yangu haina heshima, akanivalisha kwa kompyuta gwanda jeupe la serikali, na nishani kifuani.

"Mjomba," alisema Afande, "hizi nishani ulipewa kwa vita gani?"

"Sikupewa, Afande. Ni kazi ya mpiga picha."

"Hii ya katikati hata mkuu wangu hana."

Mkuu wake akaitwa. Akaja, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akasema, "Imemkaa vizuri," akarudi zake chumbani.

Nikavuka barabara, nikapiga picha nyingine na fulana yangu ileile. Niliporudi, Afande alikuwa amezipanga karatasi zangu mezani kama karata.

"Pasipoti ipo. Barua ya benki ipo. Ramani ya kufika kwako..." Akaigeuza juu chini. "Hiki ni nini?"

"Nyati, Afande. Ukimfikia nyati, unakata kushoto."

"Huyu nyati yupo hapo siku zote?"

"Mara nyingi."

"Na siku asipokuwepo?"

"Hapo unauliza."

Akaandika kitu pembeni mwa nyati wangu. Kisha akanyoosha kidole penye nafasi tupu mezani, mahali ambapo karatasi ilitakiwa kuwepo na haikuwepo.

"Kitabu cha nyumba. Kitambulisho cha mwenye nyumba. Nakala zote mbili ziwe na sahihi yake. Huna."

"Mwenye nyumba ni Dada Lamduan. Hiyo ni kazi ya dakika mbili."

"Basi zifanye hizo dakika mbili, Mjomba. Leo Jumanne. Muda wako unakwisha Ijumaa."

Niliondoka napiga mluzi. Kumbuka huo mluzi, maana sijaupiga tena.

Na kwa kuwa hapa natoboa kila kitu, ngoja niseme na hili. Sikuwa nagombania mhuri kwa ajili ya jua wala embe. Nilikuwa na sababu moja ya kutotaka kufukuzwa nchini, na sababu hiyo saa ile ilikuwa nyumbani inatwanga papai. Nilishapanga: mhuri ukigongwa tu, jioni ile namwambia. Sentensi yenyewe nilikuwa nimeikariri. Lugha yao ni ya mtego, ukipandisha sauti pasipo pake umesema jingine kabisa, kwa hiyo nilikuwa nafanya mazoezi nyuma ya nyumba, mbele ya kuku.

Nilimkuta barazani, kinu katikati ya magoti, mchi mkononi.

"Dada Lamduan, naomba kitabu cha nyumba na kitambulisho chako. Afande anataka nakala zenye sahihi ya mwenye nyumba."

Mchi ukasimama hewani.

"Pilipili ngapi?" aliuliza.

"Sijaagiza chakula."

"Namuuliza mteja."

Nikageuka. Hapakuwa na mteja.

"Kitabu kimeliwa na mchwa," alisema.

"Chote?"

"Kurasa za mbele."

"Basi nipe za nyuma."

"Za nyuma zililowa mwaka wa mafuriko."

Nikavuta kigoda nikakaa. "Dada, kama unaogopa watu wa kodi, mimi si mmbea."

"Siogopi kodi." Akautua mchi, akajifuta mikono kwa khanga yake, kidole kimoja kimoja. "Nyumba si yangu. Imeandikwa jina la Thongsuk."

Thongsuk nilimjua. Yaani niliijua picha yake. Alikuwa ukutani juu ya friji, na shada la maua ya plastiki. Mumewe marehemu, alianguka kwenye jengo huko Taiwani. Kila asubuhi nikienda kuchukua maziwa nilimwinamia kwa heshima.

"Pole," nilisema. "Lakini hilo jepesi. Tutapeleka cheti cha kifo."

"Hakuna."

"Nacho kimeliwa na mchwa?"

"Hakijawahi kuwepo." Akakohoa. "Kaka Paben. Thongsuk hajafa sana."

Nilidhani lugha imenipiga chenga tena. Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anavyosema na viziwi. "Ha-ja-fa. Sana."

"Mtu hafi kidogo, Dada."

"Huyu alikufa hapa kijijini tu. Kwingineko yu hai."

Ikabidi anisimulie. Thongsuk kweli alikwenda Taiwani, na kweli alijenga maghorofa. Mkataba wake ulipokwisha alirudi, ila hakurudi nyumbani. Alishuka kwa mwanamke mwingine, mji wa tatu kutoka hapa. Lamduan alizisikia habari hizo akiwa peke yake, kwenye simu, na kabla hajafika barazani alikuwa ameshaamua.

"Nikalia," alisema. "Majirani wakaja mbio. Wakauliza, kuna nini? Ulimi ukasema, ameanguka jengoni. Ukishasema ameanguka, hutasema tena amedandia mgongo wa mwanamke."

"Lakini kwa nini, Dada?"

"Wewe mwanamume, hujui. Mjane huletewa mchele. Mke aliyeachwa huletewa maneno."

"Na mazishi?"

"Tulifanya. Nikasema majivu yamebaki Taiwani. Tukachoma suruali zake."

"Suruali?"

"Zile nzuri."

Kulikuwa na ibada, watawa walisoma, mwenyekiti wa kijiji alihutubia na kutoa machozi. Halafu likatokea balaa. Huku mtu akifa, watu huchukua umri wake na namba ya nyumba yake wakachezea bahati nasibu. Umri wa Thongsuk ulitoka. Nusu ya mabati mapya unayoyaona kijijini kwetu yamelipiwa na kifo chake.

"Sasa niwaambie nini?" alisema Lamduan. "Rudisheni mabati?"

"Na yule mwanamke mwingine?"

"Alimchoka, akamtoa. Sasa Thongsuk ni mtawa. Yuko hekalu la mlimani, wilaya ya pili. Nasikia anafagia vizuri sana. Kwangu hakuwahi kushika ufagio."

Nilikaa pale nikiangalia kinu. Mjane wangu hakuwa mjane. Sentensi yangu ikanikwama kooni kama mwiba wa sato.

"Basi kesho twende akasaini," nilisema, kwa sababu sikupata la kusema jingine.

Asubuhi alitoka chumbani na kofia pana na barakoa, asije akajulikana njiani. Lakini alipoiteremsha barakoa anywe maji, niliona rangi ya mdomo. Nyekundu. Mwaka mzima nakula meza moja na mwanamke huyu, sijawahi kuiona rangi ile.

Tulikwenda kwa pikipiki yake yenye kigari cha pembeni. Yeye anaendesha, mimi kigarini, nimepakata sufuria la mchuzi wa samaki na mianzi michanga. Alikuwa ameupika tangu alfajiri. Huo nao sikuwahi kupikiwa.

Thongsuk tulimkuta uani anafagia majani. Mwembamba, kichwa kinang'aa, miwani imefungwa kwa uzi. Alipomwona Lamduan aliegemea ufagio, kisha akatuongoza barazani. Yeye akakaa juu mkekani, sisi chini.

Kwa desturi mwanamke hamkabidhi mtawa kitu mkono kwa mkono. Kwa hiyo sufuria lilipita kwangu. Hilo sawa. Tatizo ni kwamba na maneno nayo yakapita kwangu.

"Mwambie," alisema Lamduan, akinitazama mimi, "kuna karatasi za kusaini."

"Baba Mtawa," nilisema, "kuna karatasi..."

"Nimesikia. Muulize mama huyu, mimi nilikufaje?"

"Dada, anauliza alikufa..."

"Mwambie alianguka jengoni."

"Ghorofa ya ngapi?" aliuliza Thongsuk.

"Ya kumi na moja," nilisema, maana hilo nililijua. Limeandikwa chini ya picha juu ya friji.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Niliona limempendeza. "Watu walilia?"

"Mwambie mwenyekiti alilia."

"Prasoet? Yule hakulia hata kwa mama yake." Akaivua miwani, akaifuta kwa kona ya joho. "Na mlichoma nini?"

Hapo Lamduan akaangalia nguzo. Ikabidi nijibu mimi. "Suruali, Baba Mtawa."

"Zipi?"

"Nzuri."

"Ile ya bluu?" Kwa mara ya kwanza alimtazama mkewe usoni. "Ile ya bluu niliinunua Taipei. Niliivaa mara moja."

"Mwambie iliwaka vizuri," alisema Lamduan.

Kuku akapita katikati yetu. Nilijua hapa si mahali pangu, lakini ningekwenda wapi, na karatasi ni zangu?

Mwisho Thongsuk akafunua sufuria. Harufu ya mchuzi ikapanda. Alikula palepale, kwa kuwa wao baada ya adhuhuri hawali tena, na alikula bila kuinua macho mpaka akafika kwenye mianzi ya chini kabisa. Kisha akaingia chumbani kwake, akarudi na kitambulisho na, ajabu, kitabu cha nyumba chenyewe. Alikwenda nacho Taiwani na hakukirudisha. Hakina mchwa hata mmoja. Tukatoa nakala kwenye mashine ya hekalu.

"Muulize," alisema akiwa ameinama anasaini, "huyu mzungu ni nani kwake?"

Sikuuliza. Niligeuka tu nikamtazama Lamduan, na naapa nilikuwa nimebana pumzi.

"Mpangaji," alisema Lamduan.

"Mpangaji," nilimwambia Thongsuk.

"Nimesikia," alisema. Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe je, umesikia?"

Alhamisi asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Afande Wilaiwan. Karatasi zote zimekamilika. Nakala safi, sahihi safi, nyati wangu yupo. Afande akazipitia, akachukua mhuri, akaufungua wino, halafu akauweka chini.

"Utaratibu tu, Mjomba. Nampigia mwenyekiti wa kijiji athibitishe."

Akaweka simu mezani, sauti nje. Nikasikia jogoo wa kijijini kwetu, kisha sauti ya Mwenyekiti Prasoet, imejaa wali.

"Mwenyekiti, unamfahamu mwenye nyumba anaitwa Thongsuk?"

Nikamsikia akimeza. "Marehemu Thongsuk?"

Afande akaniinulia macho.

"Alifariki lini, Mzee?"

"Zamani kidogo. Nilihutubia mwenyewe. Mtu mwema sana. Kwani polisi mnamtakia nini?"

Simu ikakatwa. Afande akaichukua nakala yangu, akaileta karibu na uso wangu.

"Hii sahihi ni ya jana, Mjomba Paben. Tarehe hii hapa. Marehemu alisaini na kalamu ya nani?"

Wasomaji wangu, ningeweza kusema yote palepale. Jibu lilikuwa ulimini. Lakini ofisi ilikuwa imejaa, na karani wa dawati la pili hula papai kwa Lamduan kila Jumamosi. Ningesema, kabla ya mchana wilaya nzima ingejua kwamba Lamduan si mjane, ni mke aliyekimbiwa. Nikauuma ulimi.

"Kesho nitamleta mwenyewe," nilisema.

"Utamleta marehemu?"

"Nitajaribu, Afande."

Hakucheka. "Sahihi ya kughushi si mambo ya mhuri tena, ni mambo ya mahabusu. Kesho kabla hatujafunga, mwenye nyumba aje hapa kwa miguu yake. Asipokuja, ujue umepata safari."

Nje nilimpigia Thongsuk. Ndiyo, watawa wana simu. Nikamweleza, simu ikikwaruza, malori yakipita. "Njoo kesho ofisini," nilimwambia. Sasa neno la "njoo" katika lugha yao, sauti ikipanda vibaya, ni "mbwa." Na mimi nikiwa na wasiwasi sauti hupanda.

"Mbwa gani?" aliuliza Thongsuk.

"Wewe."

Nikajisahihisha mara tatu.

"Mtawa ameiacha nyumba," alisema hatimaye. "Hawezi kwenda polisi kusema hii nyumba ni yangu. Ningesema hivyo ningekuwa mtawa wa namna gani?" Akakata.

Nyumbani nilitoa sanduku uvunguni. Lamduan akaja akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya mto, Laos. Nikajipange upya."

"Kwa goti hilo?"

"Goti linakwenda lenyewe, mimi nafuata."

"Utarudi lini?"

"Wakikubali." Nilikunja fulana. "Huenda wasikubali."

Ikabidi nimweleze ya simu, ya mwenyekiti, ya mahabusu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukumwambia Afande ukweli?"

"Si ukweli wangu, Dada."

Aliniangalia kama anayeniona mara ya kwanza. Kisha akatoka, na baadaye nikasikia kinu, na kinu kile kilitwangwa jioni nzima, na hakuna aliyekula.

Kijiji chetu kina mnara wa vipaza sauti. Kila alfajiri mwenyekiti hutuamsha nao: leo chanjo ya mbwa, leo maji yatakatika, nani kaacha nyati wake barabarani. Ijumaa ile niliamka kwa mkwaruzo uleule, nikangoja mbwa. Ikatoka sauti ya Lamduan.

"Mnisamehe kuwaamsha," ilisema, juu ya mapaa yote. "Mimi Lamduan, wa papai. Mume wangu Thongsuk hakuanguka jengoni. Alinikimbia. Mimi si mjane. Nilidanganya kwa aibu, mkaniletea mchele, nikaupokea. Asanteni kwa mchele. Ulikuwa mzuri."

Mkwaruzo. Tukadhani amemaliza.

"Na mabati ni yenu. Namba zilitoka kwa bahati yenu, si kwa kifo chake."

Nilitoka mbio na kaptula. Watu wote walikuwa njiani, wengine na miswaki mdomoni. Lamduan alikuwa anashuka ngazi za mnara, bila kofia, bila barakoa, uso ameuweka kama sahani, tayari kwa chochote kitakachomwagwa.

Bibi Khambai, jirani yetu, mwanamke anayejua mpaka kuku wa nani kataga wapi, ndiye alimsogelea kwanza.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Sisi tunajua, mwanangu. Dada yangu alimwona mlimani anafagia, mwaka ule ule. Alimtambua kwa masikio."

Lamduan akapepesa macho. "Mnajua? Nani anajua?"

Bibi Khambai akageuka akatazama umati. Umati ukatazama miguu yake. Kila mtu alikuwa anajua. Walikuwa wamekaa na siri yake miaka yote, kila nyumba ikidhani ikimwambia itamuumiza.

"Na mchele?" aliuliza Lamduan, sauti imepungua.

"Mchele si wa mjane," alisema Bibi Khambai. "Mchele ulikuwa wako."

Hapo Lamduan akalia. Hakulia jana, hakulia mlimani, akalia pale na kijiji kizima kikiwa na miswaki. Nami nilisimama pembeni, sijui mikono niiweke wapi.

Mwenyekiti Prasoet alikuwa amejibanza nyuma ya mnara. Nikamwendea.

"Mwenyekiti. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona jana ulimwambia Afande amekufa?"

Akajikuna shingo. "Simu inasema polisi. Wanamuulizia Thongsuk. Nikawaza, wanamtafutia Lamduan aibu. Nikasema nimsitiri." Akanitazama kwa huruma. "Sikujua kwamba namsitiri yeye nakuanika wewe."

Alikuwa mtu mwenye haya, akataka kulipa palepale. Akawasha pikapu yake. Lamduan akapanda mbele, mimi nyuma, na Bibi Khambai akapanda bila kualikwa, kwa sababu, alisema, jambo kama hili likikosa shahidi litasimuliwa vibaya. Tukakamata barabara ya mlimani.

Mkuu wa hekalu alitupokea mwenyewe. Ufagio wa Thongsuk ulikuwa umeegemezwa ukutani.

"Hayupo," alisema. "Amevua joho alfajiri, kwa utaratibu wake, ameaga vizuri. Hakusema anakwenda wapi."

"Hakusema lolote, Baba?" aliuliza Lamduan.

Mzee akafikiri. "Alisema amejaribu kuusahau mchuzi wa mianzi na ameshindwa."

Bibi Khambai alitaka kusema kitu. Lamduan akamtazama, bibi akaacha.

Njiani kurudi nilijihesabia. Marehemu hayupo, mtawa hayupo, mwenye nyumba hayupo. Nilikuwa na kitabu cha nyumba, na sanduku langu lilikuwa nyumbani kitandani, limefungwa. Lakini Prasoet hakukata kuelekea kijijini, akanyoosha moja kwa moja mpaka uhamiaji. "Nitamwambia Afande nilidanganya," alisema. "Kama ni mahabusu, tutakwenda wawili. Wewe utanifundisha Kidenmaki."

Ofisini Afande Wilaiwan alimsikiliza Prasoet mpaka mwisho, na mkuu wake akaja kusikiliza, na karani wa dawati la pili akaacha kabisa kujifanya anaandika. Lamduan akasimama, akarudia kwa maneno machache yale aliyoyasema mnarani. Safari hii hakulia.

"Nawaamini," alisema Afande. "Na hii ndiyo shida yangu, nawaamini. Lakini karatasi inataka mwenye nyumba. Saa hii hapa nina mke, nina mwenyekiti, nina huyu bibi ambaye sijui ni nani."

"Jirani," alisema Bibi Khambai.

"Nina jirani. Sina mwenye nyumba." Akaangalia saa ya ukutani, mshale mkubwa unakaribia kusimama. Akaanza kukusanya kalamu. "Mjomba Paben, pole."

Mlango ukasukumwa.

Aliingia mwanamume mwembamba, kichwa kinang'aa, miwani ya uzi. Amevaa shati la shule la mtu mwingine na suruali iliyomfika ugokoni. Amebeba mfuko wa nailoni. Alikuwa ametembea, maana vumbi lilimfika magotini.

"Niliambiwa mbwa aje ofisini," alisema Thongsuk. "Nimekuja."

Nilikaa chini. Goti lilikaa, mimi nikafuata.

Afande alilinganisha uso na kitambulisho, kitambulisho na uso. Akamtaka asaini mbele yake. Sahihi zikafanana kama mapacha. Akauvuta mhuri, akaufungua wino, nami nikaanza kuvuta pumzi ambayo nilikuwa sijaivuta tangu Jumanne.

"Swali la mwisho, ni la utaratibu," alisema. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Unakubali huyu aendelee kukaa nyumbani kwako?"

Thongsuk akaniangalia. Akaangalia mfuko wake wa nailoni. Kisha akamgeukia Lamduan, na safari hii hakupitisha maneno kwangu.

"Nyumba ni jina tu," alisema. "Mimi nimetoka mlimani leo, na pa kulala sina. Muulizeni yeye."

Ofisi nzima ikamgeukia Lamduan. Mhuri wa Afande ulikuwa hewani, wino unachuruzika kidoleni.

"Dada," alisema Afande, "mgeni akae au asikae?"

Lamduan alimtazama Thongsuk, kuanzia kichwa mpaka ile suruali ya ugokoni. Akanitazama mimi. Akachukua muda wake, kama anavyochukua akichagua papai sokoni.

"Afande," alisema, "mbele yako hapa naona wageni wawili. Unaniuliza yupi?"